Ukingo wa Nje

Bi Rukia alifariki alfajiri na akazikwa alasiri ya siku ileile, kama ilivyo desturi ya watu wake. Nilipopata habari nilikuwa kazini Wundanyi, na sikuwa na muda wa kupita nyumbani kubadilisha nguo. Niliazima leso kwa mwenzangu wa ofisini, nikashuka mlima hadi Voi, na nilipofika wanaume walikuwa wameshatoka makaburini. Wanawake walikuwa wamejaa katika chumba chake cha nyuma, kile kilichopakana na duka lake la nguo, wameketi mikekani migongo ukutani. Nilivua viatu nikawapa mkono mmoja mmoja, poleni, poleni, mpaka nikamfikia mwanamke aliyejitanda leso ya manjano. Aliinua uso akasema, "Wakesho, ni mimi." Alikuwa Mueni. Hatukuwa tumeonana tangu tukiwa wasichana wa sekondari. Alikuwa amekuja kwa treni kutoka Nairobi mara tu alipopigiwa simu. Nilikaa kando yake, tukashikana mikono, na kwa muda kidogo nilimfurahia kwa moyo wote. Kisha bibi mmoja jirani, aliyekuwa akimenya vitunguu saumu pale mlangoni, alimtazama vizuri, akawaambia wenzake, "Jamani, si ndiye huyu? Yule mtoto wa mwenye hadiwea, aliyekuwa akiruka pale klabu. Alikuwa akipaa, wallahi, hata wadhani hatarudi chini." Chumba kizima kikamgeukia Mueni. Mmoja akaniangalia mimi, akauliza kama na mimi nilikuwa nikiruka. "Huyu pia alikuwepo," yule bibi akasema, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Huyu pia alikuwepo. Nina watoto waliokaribia kunipita kimo, nina kazi ninayoheshimiwa nayo, nina magoti yanayoniambia mvua inakuja kabla mawingu hayajafika kwenye vilima. Sikutarajia maneno matatu ya mmenya vitunguu yanichome mahali palepale palipokuwa pakichomeka nilipokuwa kidato cha tatu. Lakini yalinichoma, na nikakaa pale nikiwa nimeinamisha kichwa. Waliokuwa wakinitazama waliona mtu anayemlilia marehemu. Kweli nilikuwa nikimlilia. Nilikuwa pia nikihesabu upya kila kitu cha mwaka ule, kama mtu aliyepewa matokeo asiyoyakubali.

Mwaka ule tulikuwa tukiteleza kwa viatu vya magurudumu katika klabu ya zamani ya wafanyakazi wa shamba la mkonge, nje kidogo ya mji ukielekea Mwatate. Klabu yenyewe ilikuwa imekufa. Meza ya bilia ilikuwa imechukuliwa, kaunta ya baa imebaki na popo juu yake. Lakini sakafu ilikuwa ya terazo, imesuguliwa na miaka ya watu kucheza dansi, na Bi Rukia alipoiona mara ya kwanza, mwenyewe alituambia, alivua ndara akaipapasa kwa nyayo. Alikuwa amejifunza kuteleza Mombasa akiwa msichana, kabla ukumbi wa huko haujageuzwa ghala, kisha ndoa ikamleta Voi. Alishona sare za shule asubuhi, na jioni akatufundisha. Vumbi jekundu liliingia kila mahali, kwa hiyo kabla ya kuvaa viatu tulipiga deki kwa magunia yaliyoloweshwa, tukitembea kinyumenyume toka ukutani hadi ukutani. Viatu vyenyewe alivipata Mombasa vikiwa vimetumika: magurudumu yamepangwa mstari mmoja chini ya soli, na mbele, penye vidole, kibonge cha mpira cha kuchomekea chini unapotaka kuruka. Vyangu vilikuwa vikubwa. Nilivijaza soksi na nikavizoea hivyo, kiasi kwamba mpaka leo kiatu kinachonitosha sawasawa naona kama kinanibana.

Kulikuwa na mruko mmoja ambao Bi Rukia aliuheshimu kuliko mingine yote, unaitwa lutz. Unakuja kinyumenyume kwa mguu wa kushoto, unachora tao refu sakafuni, mwili umeegemea upande wa nje wa mguu. Huo ndio ukingo wa nje. Kisha unaupeleka mguu wa kulia nyuma, unachomeka kibonge, unaruka, na hewani unazunguka upande ulio kinyume na lile tao. Ugumu wote uko hapo, kwa sababu mwili unataka kwenda na tao nawe unaulazimisha ukatae. Watu wengi hukata tamaa dakika ya mwisho bila hata kujua: mguu unaangukia ndani kidogo tu, kazi inakuwa rahisi, nao wanaruka. Kwa mtazamaji hakuna tofauti. Kwa jaji anayejua, umeruka mruko mwingine, wa bei ya chini, ukauita lutz. Na ukishuka kabla hujamaliza mzunguko, ukaumalizia sakafuni kwa kujipindua, anakukata na alama nyingine. "Ukingo hausemi uongo, mwanangu," Bi Rukia aliniambia, huku ameinama karibu na mguu wangu kama mtu anayetafuta sindano. "Mie ntautazama mguu wako mpaka uchoke kunidanganya." Nilichukua mwaka mzima uliotangulia kujifunza mruko ule. Nilianguka juu ya nyonga ileile mpaka nikawa silalii upande huo. Nilipoupata, niliupata kweli, na kwa miezi michache nilikuwa mtu pekee katika Taita Taveta nzima, naamini, aliyejua kufanya kitu hicho. Sikuwa nimewahi kuwa na kitu cha peke yangu kabla ya hapo.

Ndipo Mueni akaja. Baba yake alihama kutoka Athi River akafungua ile hadiwea, duka la vifaa vya ujenzi, karibu na steji, na Mueni akaletwa shule yetu, akaketi dawati langu. Alikuwa ameteleza barabarani mtaani kwao tangu utotoni, na viatu vyake vilikuwa vipya, vyeupe, vya kipimo chake. Siku ya kwanza klabu alizunguka ukumbi mara chache, akaniona nikiruka, akasema, "Aki hiyo ni poa! Si unionyeshe?" Nikamwonyesha. Sikuwa na sababu ya kukataa. Kabla ya muhula kwisha alikuwa akiruka, na nitajaribu kusema kwa haki jinsi alivyoruka, maana nimekaa na jambo hilo miaka mingi. Mimi niliporuka uliona kazi. Mueni aliporuka ilikuwa kama sakafu imemwachia. Alipanda, kisha akakawia huko juu, amelegea, uso umetulia kama mtu anayesikiliza jina lake likiitwa kwa mbali, halafu akashuka bila kishindo. Na kila mara, kabla ya kupanda, mguu wake wa kushoto uliangukia ndani. Kila mara. Na akishuka, robo ya mzunguko ilikuwa bado inadaiwa, akailipa sakafuni kwa mpinduko mzuri ambao watu waliuona kama urembo. Nililiona hilo tangu jioni ya kwanza. Nilisubiri Bi Rukia aliseme.

Alilisema, lakini kwa sauti nyingine kuliko ile aliyonisemea mimi. Baada ya mazoezi ya Jumamosi tulikuwa tunakwenda chumbani kwake, hikihiki cha mikeka, na alitupa mahamri na mbaazi za nazi, nasi tukala tukiwa tumenyoosha miguu mbele ya kompyuta yake ndogo. Alitupiga picha za video kwa simu, akazionyesha polepole. Aliusimamisha mguu wa Mueni palepale unapoangukia ndani. "Waona hapa, Mueni? Hapa wadanganya." Mueni akacheka mdomo umejaa. "Bi Rukia, mimi hata sijui nikifanya hivyo. Nikijua nitaacha." Bi Rukia naye akacheka, akamwongezea mbaazi. Mimi sikuongezewa. Ni jambo dogo, najua, pengine sahani yangu ilikuwa bado na chakula. Lakini nakumbuka sahani zote mbili, maua ya bluu pembeni, na kijiko kikipita mbele yangu kwenda upande wa pili.

Jioni moja Mueni aliniomba, tukiwa wawili, nimsaidie kuutengeneza ule mguu. Nilimsaidia kwa uaminifu, na hata leo hilo linanipa amani kidogo. Nilishika mkono wake nikamvuta kinyumenyume juu ya tao, nikimwambia asubiri, asubiri, asiuachie, mpaka akahisi upande wa nje ulivyo. Kwa wiki moja aliruka kwa ukingo wa nje. Mruko ukawa sahihi, na ukawa mdogo. Alianza kukunja uso. Alihesabu kwa midomo. Alipanda kidogo akashuka haraka, akawa kama mimi, na siri yangu ni kwamba wiki ile nililala vizuri. Jumamosi Bi Rukia alikaa kwenye kiti chake cha plastiki akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akamwita. "Mueni, ruka kama ulivyokuwa waruka zamani." "Lakini mguu, Bi Rukia?" "Mguu tutaushughulikia baadaye. Ruka." Mueni akaruka, akapanda, akakawia. Bi Rukia akajipiga kofi moja pajani, akasema, "Basi. Mwache hivyo." Nilikuwa nimesimama kando ya kaunta ya baa nimeshika kitambaa cha kufutia magurudumu. Mimi sikuwahi kuachwa hivyo. Hakuna kosa langu hata moja aliloliambia "mwache".

Niliuelewa uamuzi wake siku chache baadaye, na natamani nisingeuelewa. Nilikuwa nimetumwa dukani kwake kuchukua zipu, na pazia la chumba cha nyuma lilikuwa limeshushwa, naye akizungumza kwa simu na mtu wa klabu ya Nairobi. Kulikuwa na mpango: jaji kutoka nje angekuja katika uwanja wa barafu wa Nairobi kuchagua msichana mmoja, aende kambi ya mafunzo Ulaya pamoja na vijana wa nchi nyingine zisizo na barafu. "N'nao wawili," Bi Rukia alikuwa akisema. "Mmoja ni sahihi, hakosei, waweza kumpima kwa rula. Huyo ni Wakesho. Na mwengine…" Nikasikia akivuta kiti. "Mwengine ni mzuri. Sijui nikwambieje. Ni mzuri tu." Nilichukua zipu nikatoka. Maneno hayo mawili, sahihi na mzuri, nilitembea nayo mpaka nyumbani, nikalala nayo, nikaamka nayo. Mpaka leo mtu akisifu kazi yangu kwa kusema iko sahihi, namshukuru, kisha nasubiri lile neno la pili.

Kabla ya kwenda Nairobi tulifanya onyesho Voi, klabuni palepale, ili wazazi na watu wa mji waone. Ukumbi ulijaa. Walikuja hata watu wa Marungu waliokuwa wameleta mbuzi sokoni, wakasimama nyuma na fimbo zao. Majaji walikuwa mwalimu mkuu wetu, afisa mmoja wa michezo, na bwana wa makamo kutoka Mombasa aliyesemekana kuujua mchezo. Niliruka lutz yangu kwa ukingo wa nje, nikamaliza mzunguko, nikashuka mguu mmoja bila kutikisika. Walipiga makofi kama wanavyompigia mtoto aliyekariri shairi lote. Mueni aliruka ya kwake. Hakuna aliyepiga makofi mwanzoni. Watu walivuta pumzi, wote kwa pamoja, na nilihisi hewa ya ukumbi ikiondoka kunipita. Kisha kelele ikaja. Wakampa wa kwanza, mimi wa pili. Nilimkuta Bi Rukia akikunja viti, nikamwuliza, "Kwani hawakuona mguu?" "Yule wa Mombasa aliuona." "Na akampa?" Aliweka kiti chini. "Wakesho, mwanangu, jaji pia ni mtu ana macho. Aliona mguu, na akaona kingine." "Lakini sheria inasema—" "Sheria waijua kuliko mie. Nairobi watakuja na mashine ya kurudisha picha. Huko sheria ndiyo itakayosema. Wewe subiri." Alinigusa shavu. Nilitaka aseme kwamba mimi ndiye niliyestahili. Alikuwa mkweli mno hata asiweze kulisema.

Nairobi tulipewa siku kadhaa za kuzoea barafu. Uwanja ulikuwa ndani ya hoteli, mdogo, baridi yake inatoka chini na kukupanda miguuni kama maji. Barafu ilinipenda. Ukingo wa kweli, wa kile kisu cha chuma chini ya kiatu, uliuma vizuri kuliko magurudumu, na kila nilichofundishwa kilifanya kazi maradufu. Mueni alianguka sana siku ya kwanza, akicheka, akala barafu iliyobaki kwenye glavu zake. Tulilala chumba kimoja katika nyumba ya wageni ya kanisa, tukala chipsi na soseji kitandani, naye akaniambia, "Wewe ndio utaenda, Wakesho. Mimi naona tu." Alisema bila uchungu wowote. Hilo lilinikera kuliko kama angenichukia. Nilitaka awe anakitaka kitu kile kama mimi, ili nikimshinda niwe nimemshinda mtu.

Nikamshinda. Jaji alikuwa mwanamke mrefu mwenye nywele fupi za mvi, amejifunika blanketi magotini, na mbele yake skrini. Mueni aliruka kwanza. Alipanda juu ya ile barafu na hata wahudumu wa hoteli waliokuwa wakipita na trei wakasimama. Jaji alirudisha picha, akaitazama polepole, akairudisha tena. Mguu umeangukia ndani: akakata. Mzunguko haujatimia: akakata tena. Ilipofika zamu yangu alitazama mara moja tu, akatikisa kichwa kukubali, akaandika. Matokeo yaliposomwa Mueni alinirukia shingoni akapiga kelele masikioni mwangu. Bi Rukia alikuwa akilia, na alinikumbatia, akaniambia, "Umeifanya, mwanangu, umeifanya kama nilivyokufunza," na kwa dakika hizo nilikuwa na furaha isiyo na doa. Kisha nikaenda kuvua viatu. Mlango wa chumba cha kubadilishia ulikuwa nusu wazi, na nilimwona yule jaji akimfuata Mueni kwenye ukingo wa uwanja, akainama kumfikia. Alisema Kiingereza cha taratibu, na nilisikia kila neno. Alimwambia makosa yake ni ya kurekebishwa, afanye kazi. Halafu akasema alikuwa amekaa kwenye viti vya majaji nusu ya maisha yake, na ni mara chache amejilaumu kwa kukata alama zilizostahili kukatwa. Leo alikuwa amejilaumu. Mueni akasema asante, akauliza choo kiko wapi.

Kwangu yule jaji alikuja baadaye, akanipa mkono, akaniambia mbinu yangu ni safi.

Nilikwenda kambi. Niliona theluji. Nilikutana na wasichana waliokuwa sahihi kuliko mimi, wakiwa na umri mdogo kuliko wangu, na nikajifunza kwamba usahihi una ngazi nyingi na mimi nilikuwa kwenye za chini. Nilirudi, nikafundisha watoto pale klabu na Bi Rukia kwa muda, mpaka mwenye shamba alipoichukua sakafu yake. Mueni aliacha mara tu tuliporudi kutoka Nairobi. Baba yake alihamisha duka, naye akahama shule, akaniachia glavu zake. Watu wa Voi waliendelea kumzungumzia. Kila mtoto niliyemfundisha alikuwa na mama aliyeniuliza kama nilimjua yule msichana aliyekuwa akipaa.

Siku ile ya msiba, baada ya dua, pilau ilipakuliwa, na mimi na Mueni tukajikuta uani tukiosha masinia pamoja. Ana kampuni ya kupanga safari sasa, ana mazungumzo mepesi, amenenepa kidogo na imempendeza. Aliniuliza habari za watoto, akaniambia za wake. Kisha akasema, "Unajua nilikuwa nafikiria kwa treni. Ile siku ya Nairobi, kwenye barafu. Nani alishinda?"

Nilidhani ananitania. Nilimtazama, hakuwa anatania. Alikuwa ameshika sinia kwa mikono miwili, maji yanamtiririka viwikoni, akinisubiri nimkumbushe kama mtu anayeuliza jina la barabara.

"Mimi," nikasema.

"Ah, afadhali," akasema, na nikaona kweli amefurahi. "Ulikuwa unaitaka sana. Mimi nilikuwa nakuja tu kwa sababu Voi sikuwa najua mtu mwingine."

Nikamwuliza kama anakumbuka alichokatwa alama. Akatikisa kichwa. Nikamwuliza kama anakumbuka alichoambiwa na yule jaji. Akafikiria, akatabasamu. "Alinionyesha choo," akasema.

Maneno ambayo ningeyabeba mkononi maisha yangu yote, yeye alikuwa ameyaacha palepale aliposimama. Na mimi niliyeshinda ndiye niliyekuwa nimeyahifadhi, neno kwa neno. Ningeweza kumrudishia. Yalikuwa yake. Nilisuuza sinia nililokuwa nalo, nikaliegemeza ukutani likauke, nikavuta pumzi, nikamwambia yote: jaji alivyoinama, alichosema, kwamba alijilaumu. Mueni alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, uso umetulia.

"Aki kweli?" akasema. "Kumbe nilikuwa mzuri hivyo?"

"Ulikuwa mzuri," nikamwambia. Ilinitoka kwa shida, na ilikuwa sahihi.